Ua la Siku Tatu la Tseikuru

Siku hizi nikilala mchana naota maua. Si maua ya harusi, wala yale ya kwenye vyungu nje ya ofisi za kaunti. Naota yale ya porini, yanayochomoza mvua ya kwanza ikishapiga: lile dogo la buluu lenye petali mbili kama masikio ya panya, lile jekundu la mviringo linalotoka ardhini bila hata jani moja, na zile nyota nyeupe zinazoota juu ya mwamba penye udongo wa kujaza kijiko tu. Naamka nikisikia harufu ya vumbi lililoloa. Natoka nje, na kumbe jua linawaka, kuku wanachakura, na hapa mjini Wote hata wingu hakuna.

Sasa ninyi vijana mnaopanda vilima vya Nzaui na Mutitu kila Jumamosi mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiyatafuta maua na kuyatambua. Nitaandika, lakini msinidai mpangilio. Mambo yananijia kama yanavyonijia usingizini, moja linalivuta lingine. Mkiona nimeruka bonde, rukeni nami.

Mimi ni Mwikali. Kwa miaka thelathini na kidogo nilikusanya mimea ya Kitui na Makueni, nikaikausha, nikaiandikia lebo, ikapelekwa kwenye chumba cha mimea mikavu ambako watu wa sayansi huenda kuitazama. Watu wa kanisani kwetu hawakuielewa kazi hiyo. "Mwikali," waliniuliza, "kwani umeajiriwa kula majani kama mbuzi?" Niliwajibu kwamba mbuzi hula bila kuandika, na hapo ndipo tofauti yetu ilipo.

Aliyenifundisha ni Bwana Njoroge. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakahamia Emali, na yeye akakulia pale pale, akisema Kikamba chenye lafudhi ya kwao lakini bila kukosea jina la kichaka hata kimoja. Alikuwa mkali. Siku yangu ya kwanza nilitoa kalamu ya wino, akaipokea, akaitia mfukoni mwake na kunipa penseli. "Wino ni wa barua za mapenzi," akasema. "Mvua ikinyesha, wino unalia. Penseli haina machozi." Ile kalamu hakunirudishia.

Somo lake la pili lilikuwa kupiga magoti. Ua halisomwi ukiwa umesimama, alisema. Piga magoti, litazame kwa nyuma kwanza, maana kwa mbele kila ua linajipamba. Hesabu petali. Papasa shina ujue ni la duara au la pembe. Nusa. Kisha andika rangi pale pale, kabla hujakata, kwa sababu ua likikauka linakuwa rangi ya chai na hakuna atakayekuamini. Na kama liko moja tu mahali pote, funga daftari, liache, nenda zako.

Kuhusu wakati, sahauni yale ya vitabuni. Vitabu vya shule vinaiita mvua ya Oktoba mpaka Desemba mvua fupi. Kwetu Ukambani hiyo ndiyo mvua mama, ndiyo inayolisha nyumba. Mvua kubwa ya kwanza ikishapiga, anza kuhesabu. Siku ya nne na ya tano hutoka maua ya vitunguu, yale yenye kiazi chini ya ardhi yaliyokuwa yakingoja gizani mwaka mzima, na baada ya siku tatu yameshanyauka. Wiki ya pili hutoka yanayotambaa na kupanda miti. Wiki ya tatu nyasi imeshafunika kila kitu, na mtapita mkikanyaga hazina huku mkipiga picha mawingu. Tena muondoke asubuhi. Lile la buluu la masikio ya panya hujifunga kabla ya saa sita. Mwaka wangu wa kwanza nililifikia saa nane mchana nikaandika "halijachanua." Njoroge alisoma, akanitazama, akaniuliza kama mimi nikilala watu huandika kwamba sijazaliwa.

Ua tulilibana katikati ya magazeti, magazeti katikati ya mbao mbili, mbao tukazikaza kwa mikanda. Kila asubuhi tulibadilisha karatasi zilizolowa. Njoroge alishikilia kwamba kurasa za siasa hunyonya maji kuliko kurasa za michezo, kwa kuwa ni kavu zaidi. Sijui kama alitania. Nimezitumia zote mbili na naona alisema kweli.

Kuna siku nimeisimulia mara nyingi kwa kicheko, na kicheko hicho kilikuja kuniponza. Tulikuwa tumetoka Kitui na mavuno ya msimu mzima, tunampeleka Njoroge kwao Emali akapumzike, na mbao zetu tulizifunga juu ya gari. Pale njia panda mkanda ukakatika. Lori likapita kwa kasi, na upepo wake ukayainua magazeti yote, maua na lebo zake, yakaruka juu ya barabara ya Mombasa kama kumbikumbi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wauza vitunguu waliacha vitunguu vyao, makondakta wakaacha abiria, wote wakawa wanakimbizana na majani makavu. Mama mmoja aliniletea ua mikononi, amelibeba kama kifaranga, akaniuliza ni dawa ya nini. Tulipata karibu kila kitu. Njoroge na mimi tuliketi sakafuni nyumbani kwake siku mbili tukirudisha kila lebo kwa ua lake. Nilikuwa na hakika tulirudisha sawasawa.

Katika yale yaliyoruka lilikuwamo ua langu la Tseikuru, kule kaskazini mwa Kitui.

Hilo nililiona msimu ule ule, siku ya nne baada ya mvua. Njoroge alikuwa na homa, amelala ndani ya gari, nami nikapanda peke yangu mteremko wa mawe nyuma ya mashamba. Ardhi ilikuwa bado nyekundu na tupu, inatoa mvuke. Halafu nikaona pinki. Lilikuwa katikati ya mawe, chini kabisa, halina jani, petali sita, na kila petali ina mstari mweupe uliopita katikati. Lilinukia kwa mbali, harufu ya ndizi iliyoiva chumba cha pili. Yalikuwa mengi kiasi, yametawanyika mpaka juu, na hakukuwa na sauti yoyote ila nyuki. Sikuwa nimewahi kuliona, na nilijua Njoroge pia hajaliona, maana angenieleza. Nilipiga magoti nikalia. Sioni haya kusema. Mtu hutembea maisha yake yote akitumaini ua kama hilo, na mimi nilikuwa sijatimiza hata miaka thelathini.

Nilichimba mawili. Niliposhuka nilimkuta mwanamke wa rika langu akipanda kunde, mtoto mgongoni. Tukasalimiana, nikamwonyesha.

"Mwana wa mwaitu," nikamwambia, yaani mtoto wa mama yangu, ndivyo tunavyoitana hata tusipojuana, "ua hili huku mnaliitaje?"

Aliliangalia. Akaangalia bomani kwao, ambako mzee mmoja alikuwa ameketi akichonga mpini wa jembe. Akajifunika mdomo kwa leso akacheka.

"Hilo? Hilo ni… hilo ni kainuki."

"Kainuki?"

"Ĩĩ. Andika hivyo."

Kainuki, karudi-nyumbani. Nililiona jina zuri sana kwa ua linalorudi kila mvua. Nikaandika kwa penseli, nikamshukuru, nikakimbia kumwamsha Njoroge. Aliinuka na homa yake, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akasema, "Mwikali, hili ni lako." Hakuwahi kunisifu tena baada ya hapo, na mimi sikuhitaji.

Njoroge alifariki. Mimi nikastaafu. Mwaka jana akaja nyumbani Brian, kijana wa Machakos, mpole, ambaye yeye na wenzake wanaandika kitabu cha maua kwa ajili yenu wapanda vilima. Nilimpikia chai. Alizungusha kikombe, kisha akasema lililomleta.

"Mama, ile flower yako ya Tseikuru imetusumbua. Tulienda, tukauliza kila mtu, kainuki ni gani? Wote walituonyesha moja tu, ile nyeupe ya kwa fensi, inafunguka jioni wakati mbuzi zinarudi nyumbani. Si pinki, na haina kitunguu chini."

"Mlienda lini?"

"Kama wiki tatu baada ya mvua."

"Wiki tatu! Na simu yenu inayojua kila kitu ilisemaje?"

"Tuliionyesha picha ya yako kavu. Ilisema ni kitunguu cha kupika." Aliona aibu kwa niaba ya simu. "So tumeiwekea alama ya kuuliza. Wenzangu wanasema tuitoe kwa kitabu. Si ati wewe ni mwongo, Mama. Pengine lebo zilichanganyika. Ile siku ya Emali, si wewe mwenyewe ulitusimulia?"

Niliumia. Nilikuwa nimewasimulia ile hadithi wacheke, na sasa ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi yangu. Karatasi yangu ndiyo pekee duniani yenye ua hilo. Likitolewa kitabuni, hakuna atakayelitafuta tena, na katingatinga likitumwa pale kuchimba changarawe hakuna atakayelizuia. Brian aliniahidi jambo moja: kitabu kitangoja mvua moja zaidi, kisha kinaenda kupigwa chapa, ua langu liwemo au lisiwemo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwangu. Nilipolala mchana niliuota ule mteremko, na kila mara maua yalikuwa na rangi nyingine: leo meupe, kesho ya njano. Nikaanza kujiuliza kama nililiona kweli au nilikuwa nimeliota tangu mwanzo. Njoroge angeniambia, lakini Njoroge hayupo. Niliwahi kusimama jikoni nikilinusa ganda la ndizi nikijaribu kukumbuka.

Mwaka huu mvua ilipopiga Tseikuru, Brian alipiga simu alfajiri iliyofuata. "Mama, imenyesha. Nikuje lini?" Nikamwambia aanze kuhesabu.

Siku ya nne tulikuwa pale. Magoti yangu hayapandi tena kama zamani, kwa hiyo nilisema tuanze shambani. Yule mwanamke sikujua jina lake. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mawe mawili makubwa yaliyokaa kama mikate, na shamba lililo chini yake. Mawe yalikuwapo. Bomani tulimkuta mama mnene akichambua mbegu za kunde, na mjukuu wake wa kike, Mwende, aliyekuja likizo kutoka chuoni. Nilipoeleza habari ya ua, yule mama alijifunika mdomo akacheka, na hapo nikamjua.

"Ni wewe!" nikasema. "Ulinipa jina la ua. Kainuki."

"Asi! Mpaka leo unalo?"

"Ninalo, na limeniletea aibu. Kila mtu huku anasema kainuki ni lile jeupe la jioni."

"Ndiyo, ni hilo jeupe."

"Basi kwa nini uliniambia lile la pinki ni kainuki?"

Alicheka hadi mbegu zikamwagika. Kisha akapangusa macho. "Na ningekuambia nini, mwana wa mwaitu? Yule mzee si alikuwa pale ananisikia? Nilitafuta neno la karibu karibu. Mwende! Waambie wageni, baba ya babu yako aliitwa nani?"

"Musyoka," akasema Mwende.

"Na lile ua la mawe?"

"Si ni musyoka pia, Susu?" akamjibu bibi yake. "Kila mtu anajua hilo."

Brian aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. "Tuliuliza kainuki kwa kila mlango," akasema. "Hakuna mtu tuliuliza musyoka."

Wale wasio wa kwetu niwaeleze. Kuna nthoni, heshima na haya baina ya wakwe. Mke hataji jina la baba mkwe wake, na mwanamume hataji jina la mama mkwe. Musyoka maana yake ni yule anayerudi. Ni jina la watu, na huko Tseikuru ni jina la ua hilo pia, kwa kuwa hurudi. Yule mama aliyeolewa kwa Musyoka hakuweza kulitamka, hata likiwa ni ua tu, basi akachukua neno jingine la kurudi akanipa. Na mzee amezikwa zamani, lakini yeye mpaka leo hasemi. "Amekufa," aliniambia, "lakini mimi bado nimeolewa hapa."

Kilichoniuma ni kwamba mimi, kuliko watu wote, nilipaswa kujua. Baba mkwe wangu aliitwa Kyalo, na kyalo kwa Kikamba ni safari. Miaka yote ya ndoa yangu, kila nilipoenda kazini kwa wiki mbili, niliaga kwa Kiswahili: "Naenda safari." Kikamba chake sikuweza kukitia mdomoni, na nyumba nzima ilijua kwa nini. Kule Tseikuru nilimwona mwenzangu akimtazama mzee, nikamwona akifunika mdomo, nikadhani ni haya ya kishamba. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ua, na mtu sikumtazama.

Mwende na Brian walinishika mikono tukapanda. Yalikuwapo. Rangi ilikuwa pinki, na mistari myeupe ilikuwa pale pale nilipoiandika. Brian alipiga magoti kabla sijamwambia, akalitazama kwa nyuma kwanza, akanusa. "Ndizi," akasema polepole. Nilikaa juu ya jiwe na nyuki wakapita karibu na masikio yangu. Nilifumba macho na kuyafumbua mara kadhaa ili nione kama yatabadilika, na hayakubadilika. Sikumbuki tulikaa kwa muda gani. Nilikuwa na furaha iliyonifanya nisinzie.

Tuliposhuka, yule mama alitaka kusikia tulichokuwa tumeandika siku ile. Brian alikuwa na picha ya karatasi yangu kwenye simu, nami nikamsomea kwa sauti ya majivuno: "Tseikuru, mteremko wa mawe, siku ya nne baada ya mvua. Pinki, mstari mweupe katikati ya kila petali. Halina jani. Harufu ya ndizi mbivu. Waliokusanya: Njoroge na Mwikali. Jina: kainuki. Aliyelitaja: mwanamke wa huko."

Akainua uso. "Mwanamke wa huko ni nani?"

"Ni wewe."

"Njoroge ana jina. Wewe una jina. Hata mbuzi zangu zina majina," akasema, akirudi kwenye kunde zake.

Alikuwa amekaa pale pale maisha yake yote. Laiti ningeliandika jina lake, Brian angemuulizia na kumpata asubuhi moja. Nilijua petali, nilijua harufu, nilijua siku za mvua, na sikumuuliza mtu aliyenisaidia anaitwa nani. Na huyu hakuwa wa kwanza. Katika karatasi zangu zote wamo: mzee wa huko, mchungaji wa huko, mwanamke wa huko. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya alama ya kuuliza.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Kalekye."

Jueni kanuni moja ya kazi yetu. Lebo ya zamani haifutwi, hata ikiwa na kosa. Unaandika kikaratasi kingine, unatia jina lako na tarehe, unakibandika kando yake, na vyote viwili vinabaki ili anayekuja baadaye aone mlivyopotea na mlivyorudi njiani. Niliandika changu pale pale, nimekilaza juu ya ungo wa kunde: Jina sahihi la Tseikuru, musyoka. Kainuki ni neno la heshima la mke wa boma. Yote mawili yametolewa na Kalekye, ambaye analima chini ya mteremko huu. Nilitumia penseli.

Kikaratasi kimebandikwa. Ua limeingia kitabuni, pamoja na jina la Kalekye chini ya picha. Mwende alimwonyesha bibi yake ukurasa huo kwa simu, na kesho yake nikapokea kwa simu ujumbe wa sauti wa Kalekye, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Mwikali, nimeona. Ni muvea, asante sana. Lakini mmeniletea shida na hicho kitabu chenu. Mume wa binti yangu ni mwalimu wa sayansi huko Mwingi. Akifika ukurasa huo mbele ya darasa, huyo mtoto wa watu atafanyaje? Itabidi aseme ni mwanamke wa huko."